Mifumo mipya ije na hesabu ya data zilizohamishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wananchi wengi hukutana nalo dirishani bila kuelezwa chanzo chake. Mtu anafika ofisini, anataja namba yake ya uanachama au ya ankara, karani anaiandika, anatazama skrini kwa muda, kisha anasema kuwa mfumo ni mpya na taarifa hazionekani, hivyo mhusika arudi wiki ijayo. Akirudi anatakiwa kuleta vielelezo upya: risiti za miaka iliyopita, nakala ya kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa. Mwananchi huyo hakupoteza chochote. Taarifa zake zilipotea, au zilipinda, taasisi ilipokuwa ikihama kutoka kanzidata moja, yaani hifadhi ya taarifa ya kompyuta, kwenda nyingine, na kazi ya kuzirudisha ameachiwa yeye.

Ninafanya kazi ya kanzidata, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhamisha data. Ninachotaka kusema ni kwamba zana za kuhamisha data zipo, nyingine hazilipiwi kabisa, na zinafanya kazi vizuri. Tatizo ni kuwa taasisi zetu zinanunua zana na kuruka kazi inayopaswa kuitangulia, yaani kuandika kila safu ya mfumo wa zamani (nafasi ya aina moja ya taarifa, kama jina au tarehe) ina maana gani na inaingia wapi katika mfumo mpya, kisha watu wanaoishi na data hizo kila siku wakae, wasome na kuthibitisha. Waraka huo tunauita jedwali la ulinganisho. Katika miradi mingi niliyoiona kwa karibu, ama haukuwepo, ama uliandikwa na mzabuni peke yake siku chache kabla ya mfumo kuwashwa, na hakuna aliyeusoma.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, nieleze kwa ufupi zana zenyewe zinafanya nini. Kanzidata nyingi za ofisini zinatumia lugha ya SQL, ambayo ilipata kiwango rasmi Marekani mwaka 1986 na kiwango cha kimataifa mwaka uliofuata, lakini kila mtengenezaji ameendelea kuzungumza lahaja yake. Programu ya kanzidata ya Oracle huhesabu maandishi yasiyo na herufi hata moja kuwa ni sawa na kukosekana kwa taarifa, ilhali ile ya PostgreSQL huviona kuwa vitu viwili tofauti. MySQL, hasa matoleo yake ya zamani, ilikubali tarehe yenye mwaka sifuri, mwezi sifuri na siku sifuri, na PostgreSQL huikataa tarehe hiyo papo hapo. Zana zimetengenezwa kwa ajili ya tofauti za namna hii. Pgloader huhamisha kanzidata ya MySQL kwenda PostgreSQL kwa amri moja, hugeuza zile tarehe za sifuri kuwa nafasi tupu, na ina uwezo wa kuweka kando rekodi zilizokataliwa huku ikiendelea na zilizo nzima. Ora2Pg hufanya kazi kama hiyo kwa wanaotoka Oracle, na hata kabla hujahamisha chochote inaweza kukukadiria ukubwa wa kazi inayokusubiri. Apache NiFi, ambayo ilianzia ndani ya shirika la ujasusi la Marekani la NSA na kutolewa kwa umma mwaka 2014, humwezesha fundi kuchora kwenye skrini njia ambayo data zitapita. Debezium nayo husoma kumbukumbu za mabadiliko za kanzidata ya zamani na kuyapeleka kwenye mpya kadiri yanavyotokea, ili ofisi isilazimike kufungwa siku nzima wakati wa kuhama.

Zana zote hizo zinatambua aina ya data: hii ni tarehe, hii ni namba, haya ni maandishi ya herufi hamsini. Maana ya data hazijui wala haziwezi kuijua, kwa sababu maana haimo ndani ya kanzidata. Imo katika vichwa vya watu wanaoitumia.

Nitoe mfano ambao niliushuhudia. Chama kimoja cha ushirika wa akiba na mikopo cha wafanyakazi, ambacho sina sababu ya kukitaja, kiliachana na programu yake ya siku nyingi na kuhamia mfumo uliotengenezwa nje ya nchi. Programu ya zamani ilikuwa na safu tatu za fedha za mwanachama: hisa, akiba na amana. Mwanachama yeyote wa SACCOS anajua tofauti zake bila kufundishwa. Hisa ni sehemu yake ya umiliki wa chama. Akiba ni ile inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, haitolewi ovyo, na ndiyo inayopimia mkopo, ambao kwa chama hicho ulikuwa hadi mara tatu ya akiba. Amana ni fedha ambayo mtu huweka na kuchukua atakapo. Mfumo mpya ulikuja na safu mbili tu, moja ya hisa na nyingine ya fedha zilizowekwa, na kijana wa mzabuni aliyepanga ulinganisho aliona kuwa akiba na amana zote ni fedha zilizowekwa, akazijumlisha na kuziingiza katika safu moja.

Zana ilitekeleza ilichoelekezwa bila kosa lolote. Rekodi zilizotoka zililingana na zilizoingia, jumla ya fedha ililingana hadi senti, na taarifa ya uhamishaji ikasainiwa. Kisha maombi ya mikopo yakaanza kuingia. Mwanachama mwenye akiba ya Sh400,000 na amana ya Sh2 milioni alioneshwa kuwa anastahili kukopa Sh7.2 milioni, wakati kwa masharti ya chama alistahili Sh1.2 milioni. Aliyeshtuka ni mhasibu, mama mtu mzima aliyeanza na vitabu hivyo tangu vilipokuwa leja za karatasi, na ambaye hakuwahi kuitwa katika kikao hata kimoja cha mradi. Kuzitenganisha tena fedha hizo hakukuwa kazi ya kubonyeza kitufe, kwa kuwa katikati ya hapo watu walikuwa wameshaweka na kuchukua, na kila muamala ulibidi ufuatiliwe hadi ijulikane uligusa akiba au amana. Laiti mama yule angepewa ukurasa mmoja wenye safu tatu upande wa kushoto na safu mbili upande wa kulia, angelitia kidole kosa hilo kabla chai haijapoa.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa makusudi, kwa sababu ndio unaotupa shida zaidi. Makosa ya idadi yanaonekana: ukihesabu rekodi upande huu na upande ule, pengo linajitokeza. Makosa ya maana yanapita kwenye kila kipimo cha hesabu na kuibuka baadaye mbele ya mteja. Zipo sasa zana zinazojitapa kuwa zinapendekeza ulinganisho zenyewe kwa kufananisha majina ya safu na sampuli za data, nami nazitumia kwa kazi za awali, lakini safu ya akiba na ya amana zote zina namba, zote ni za shilingi na zote ni za mwanachama yuleyule, na sioni ni kwa njia gani programu ingezitofautisha bila kuambiwa.

Kuna kundi la pili la makosa, na hili linatokana na kituo cha katikati ambacho data nyingi hapa nchini hupitia, yaani Excel. Fundi anatoa data kwenye mfumo wa zamani kama faili la maandishi, mtu wa ofisini analifungua kwa Excel ili "alisafishe kidogo", analihifadhi, kisha linaingizwa kwenye mfumo mpya. Namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Namba ya NIDA ikiandikwa mfululizo bila vistari na faili likafunguliwa bila safu hiyo kutangazwa kuwa maandishi, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri na hazirudi tena, hata ufanyeje. Watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinatofautiana mwishoni tu, wanakuwa mtu mmoja mbele ya mfumo. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo, na tarehe 3 Aprili inaweza kugeuka 4 Machi kutegemea kompyuta imepangwa kwa utaratibu wa Uingereza au wa Marekani.

Majina yetu nayo yana mitego yake. Alama ya ritifaa katika majina kama Ng'wandu au Nyang'oro ndiyo alama ambayo lugha ya SQL huitumia kufungua na kufunga maandishi, na programu ya kuhamisha iliyoandikwa kwa haraka hukwama hapo au huiacha rekodi nzima nyuma. Zaidi ya hapo, jina lilelile linaweza kuwa limeandikwa kwa ritifaa iliyonyooka katika tawi moja, iliyopinda katika tawi jingine, na bila ritifaa katika la tatu. Mifumo mingi ya kununua ina nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo, wakati sisi tumezoea majina matatu, na kila mzabuni ana uamuzi wake kuhusu wapi pa kulitupa jina la kati. Nimeona mfumo ambao jina la baba lilikwenda kwenye jina la ukoo kwa waliosajiliwa mjini, na jina la babu kwa waliosajiliwa wilayani, ndani ya taasisi hiyohiyo.

Hatuko peke yetu katika haya. Mwaka 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, visa 15,841 vya maambukizi nchini England havikuingia kwenye takwimu za kila siku za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni mistari 65,536, na kila kisa kilichukua mistari kadhaa. Mistari iliyozidi iliachwa nje. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ulichelewa. Faili lilijaa, na hakukuwa na hatua ya kulinganisha idadi iliyotoka maabara na idadi iliyoingia kwenye kanzidata kuu.

Hata upana wa sehemu ya kuhifadhia namba una gharama zake, kama watumiaji wa umeme wa LUKU walivyoona mwaka 2024 walipotakiwa kuingiza kwanza makundi ya tarakimu 20 kabla ya kuingiza umeme walioununua. Teknolojia ya mita hizo, ambayo inatumika katika nchi nyingi, huhesabu dakika tangu Januari 1, 1993 katika nafasi ya biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja, na nafasi hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Jambo hilo lilijulikana miaka mingi kabla kwa sababu lilikuwa limeandikwa katika maelezo ya kiwango chenyewe, na ndiyo maana kazi iliweza kupangwa.

Wapo watakaosema kuwa benki na mashirika makubwa yenye fedha hayana shida hizi. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha data za wateja wake wapatao milioni 5.2 kutoka mifumo ya Lloyds, iliyokuwa mmiliki wake wa awali, kwenda mfumo wa mmiliki mpya, Sabadell ya Hispania, mwishoni mwa wiki ya Aprili 20 hadi 22, 2018. Kinachonivutia katika mkasa ule ni kwamba data zenyewe zilihamishwa salama. Kilichoanguka ni mfumo mpya ulipopewa wateja wote kwa mpigo: hadi watu milioni 1.9 walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, matawi yote yaliathirika, na huduma haikurejea katika hali ya kawaida kikamilifu hadi Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba, na Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65, mbali na fidia ya pauni milioni 32.7 iliyolipwa wateja. Miezi minne baadaye, aliyekuwa ofisa mkuu wa TEHAMA wa benki hiyo alitozwa faini yake binafsi. Hapa kwetu sijawahi kusikia mtu akiulizwa chochote kuhusu uhamishaji wa data ulioharibika; kwa kawaida lawama hupewa "mtandao".

Suala hili linazidi kuwa zito kwa sababu Serikali imesisitiza, na kwa haki kabisa, kwamba mifumo yake isomane. Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mfumo wa GovESB unaowezesha taasisi kubadilishana taarifa bila kila moja kujenga njia yake kwa kila mwenzake. Hiyo ni hatua kubwa, kwa kuwa inaondoa utitiri wa miunganiko ya watu wawili wawili. Hata hivyo, njia ya kupitishia ujumbe haiamui ujumbe una maana gani. Mfumo mmoja ukiandika jinsia kwa ME na KE, wa pili kwa M na F na wa tatu kwa 1 na 2, lazima mahali fulani pawe na mtu aliyeandika kuwa 1 ni nani. Mfumo mmoja ukisema mteja ni "hai" kwa maana kwamba analipa ankara, na mwingine ukisema ni "hai" kwa maana kwamba hajafariki, mifumo hiyo itasomana vizuri sana na kudanganyana kila siku. Katika kuhama, kosa kama hilo hutokea mara moja na linaweza kusahihishwa. Katika kusomana hujirudia kila saa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ahakikishe kuwa ni sahihi, na inampa mhusika haki ya kudai zirekebishwe. Nadhani hatujaitazama vya kutosha kwa upande huu. Tunaizungumza pale picha ya mtu inaposambazwa mtandaoni, lakini mkulima ambaye mfumo mpya umemwandikia deni lisilo lake naye ana haki chini ya sheria hiyohiyo. Na nilitaje jambo jingine ambalo halisemwi: wakati wa kuhamisha, nakala nzima za kanzidata hubebwa kwenye diski mkononi na kompyuta mpakato za vijana wa mzabuni, zikiwa na majina, namba za simu na mishahara halisi, na mradi ukiisha hakuna anayeuliza nakala hizo ziko wapi.

Ninachoomba kwa wanaoandaa zabuni si kigumu. Jedwali la ulinganisho liwe ni kitu kinachokabidhiwa na kulipiwa chenyewe, kwa lugha ambayo karani na mhasibu wanaielewa, na lisainiwe na wakuu wa vitengo vinavyotumia data hizo, wala lisiachiwe ofisa TEHAMA peke yake. Libaki mali ya taasisi, nje ya zana iliyotumika. Talend Open Studio, zana ya bure ambayo ofisi nyingi duniani ziliizoea, ilisitishwa na wamiliki wake, kampuni ya Qlik, Januari 2024, na waliokuwa wameficha maamuzi yao yote ndani yake bila kuyaandika pengine walibaki wakiyachimbua moja moja. Mfumo wa zamani nao usizimwe siku ile ile mfumo mpya unapowashwa. Ubaki ukisomeka bila kuandikika, angalau mzunguko mmoja kamili wa mwaka wa fedha upite, ili mwananchi akisema "nililipa" pawe na mahali pa kutazama. Na uhamishaji ujaribiwe na kundi dogo kwanza, tawi moja au wilaya moja, hata kama siku ya uzinduzi imeshapangwa na mgeni rasmi ameshaalikwa.

Najua jibu litakalokuja: muda hautoshi na bajeti haikulipangia. Lakini muda huo unatumika vilevile, isipokuwa kwamba unatumiwa na wananchi kwenye foleni badala ya wataalamu mezani, kwa hiyo hauonekani kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Kwa gazeti lako ninalo ombi dogo. Waandishi wako wanapoalikwa kwenye uzinduzi wa mfumo mpya, pamoja na kuandika umegharimu kiasi gani, wamuulize mkuu wa taasisi rekodi ngapi zilikuwa katika mfumo wa zamani, ngapi zimeingia katika mpya, ngapi zimekataliwa, na faili la zilizokataliwa liko mikononi mwa nani.

Msomaji na mtaalamu wa kanzidata,
Dodoma